Mizani Isiyoitika

Hilary Bura wa Bashay ana ugonjwa mmoja: hawezi kupita kwenye msimbo wa kompyuta wenye mistari iliyopinda akanyamaza. Mkewe, Agatha, husema mumewe angeruhusiwa angenyoosha hata matuta ya viazi ya jirani. Lakini ndiyo kazi yake. Kikundi chao pale Mbulu mjini kinatengeneza programu za mizani ya mifugo, na hakuna kinachopokelewa mpaka Hilary akague mwandiko: nafasi, mabano, majina.

Wiki hiyo aliletewa kazi ya majaribio ya Verediana, binti wa mfugaji Gidabuday wa Getanuwas. Binti alikuwa ameandika draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuongea na mizani kupitia poti ya siriali, lile tundu la kizamani ambamo herufi hupita moja moja kama ng'ombe wanaoingia josho. Kazi ikipokelewa, Verediana anaajiriwa. Ikikataliwa, anakwenda Arusha kuuza dukani kwa shangazi, na mama yake, aliyebishana na ukoo mzima ili binti asome, ataambiwa "tulikuambia."

Mizani ya majaribio ilikuwa mezani kwake nyumbani, imeunganishwa. Mwandiko ulikuwa safi mpaka Hilary akaona wivu. Halafu akafika kwenye majina. Mahali ambapo wenzake wote huandika "ita" na "jibu", Verediana aliandika shikamoo na marahaba. Kompyuta inaipelekea mizani shikamoo. Mizani ikirudisha marahaba, ndipo inaulizwa uzito.

"Utani gani huu kazini?" Hilary alifoka, kidole tayari juu ya kitufe cha kukataa.

Lakini jina likikukera, linakulazimisha kusoma mara ya pili. Akasoma. Je, marahaba isipokuja? Akachomoa waya wa mizani, akaiendesha programu. Kompyuta ikasimama kimya. Akanywa chai ikaisha, bado imesimama. Hapo hasira ikamtoka, udadisi ukamwingia. Mtu mwenye mkono safi namna hii amesahauje kuweka kikomo cha kusubiri? Akampigia simu.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Verediana, mizani isipoitika, kompyuta inafanya nini?"

"Inasubiri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka iitike." Alishangaa kweli kuulizwa. "Sasa kaka, mkubwa hajaitikia, wewe utaanzaje kuongea? Na kuondoka huwezi."

Hilary akacheka mpaka Agatha akaja kuchungulia. Alicheka kwa sababu naye alilelewa hivyohivyo. Utotoni aliwahi kusimama mbele ya babu yake kiziwi, ndoo ya maji kichwani, akingoja itikio huku maji yakimtiririka shingoni. Kosa kama hili, asiye na adabu halifanyi.

"Na mkubwa akiwa hasikii vizuri?" aliuliza.

"Tunarudia. Tunasogea karibu, tunarudia."

"Akiendelea kunyamaza?"

"Tunakwenda kumwambia mama, babu ana shida… Aa! Kaka, usikatae kwanza. Nipe mpaka jioni."

Jioni akatuma. Hilary akachomoa waya tena, moyo ukimdunda kana kwamba mtihani ni wake. Draiva ikasalimia, ikarudia, ikarudia tena, kisha ikaandika kwenye kioo: Mizani haiitiki, angalia waya. Akauchomeka. Uzito wa mfuko wa mahindi aliouweka juu ya mizani ukatokea.

Yakabaki majina. Aliyatazama kwa muda mrefu, akakiri moyoni kwamba yangekuwa yale ya kawaida angeyapita bila kuona kitu. Akayaacha, jambo ambalo Agatha mpaka leo haliamini.

"Imepita," alimwambia Verediana kwenye simu.

"Imepita kabisa, au kuna cha kurekebisha?"

"Imepita. Jumatatu njoo Mbulu uanze kazi."

Hilary alisikia simu ikiwekwa mahali, mbwa akibweka, halafu maneno ya Kidatoga ambayo hakuyaelewa, yakisemwa haraka kwa mwanamke aliyekuwa akiuliza, na kuuliza tena. Kisha mama yule akapiga vigelegele. Hilary akakaa na simu sikioni, hataki kuikata.