Neno Tulilolichezea

Ilianza jana, Jumanne, saa nane na robo mchana, kipindi cha Kiingereza.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, na mtu asinicheke eti nina miaka kumi na saba tu, tulicheza kombolela nje ya nyumba yetu Ngamiani mpaka vumbi likatuingia masikioni, midomo myekundu kwa ubuyu. Aliyeshindwa tulimbebesha kandambili za wote, tukamfuata tukiimba, "Manamba huyo! Manamba!" Maana yake hatukuijua. Tulijua tu ni neno la kumkera mtu. Babu yangu, baba yake mama, alikuwa akikaa pale pale barazani akisokota kamba. Siku moja, mimi nikiimba kwa sauti kuliko wote, akaiacha kamba yake akaingia ndani. Mama akatoka na mwiko mkononi: "We Rehema! Ukome na neno hilo!" Hakusema kwa nini. Nikadhani ni kelele.

Sasa jana madam alitaka maneno ya Kiingereza yaliyohamia majumbani mwetu. Kipilefti, ule mzunguko wa barabarani, kilituchekesha: kumbe ni "keep left", kibao tu cha kuwaambia madereva wakae kushoto, sisi tukakitengenezea na wingi wake, vipilefti. Kisha madam akaandika ubaoni: manamba. Akasema limetokana na neno la Kiingereza "number", yaani namba. Watu walioletwa kutoka mbali kukata mkonge waliitwa kwa namba, si kwa majina.

Mwanahamisi, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Shoga, babu yako si mtu wa Kigoma? Asije akawa manamba!"

"Hata! Babu alikuja kufanya biashara."

Uongo. Nilijua alikuja kukata mkonge. Nilimkana babu yangu mchana kweupe.

Nilipofika nyumbani nikamwamkia, nikaketi karibu naye. "Babu, kule shambani walikuwa wanakuitaje?"

Akanitazama sana. "Mia nne na kumi na saba."

"Na jina lako?" Maana mtaa mzima unamwita Mzee Kigoma, nasi tunamwita Babu.

"Bukuru. Kwetu ni jina la pacha aliyetangulia kuzaliwa. Mnyapara hakutaka kulijua."

"Nisamehe, babu. Ule wimbo wetu."

"Mlikuwa watoto," akasema. Mkono wake ukarudi kwenye kamba, lakini haukusokota.

Wadogo zangu siku hizi hawachezi kombolela. Wakigombana wanablokiana kwenye simu, hata jasho haliwatoki. Neno lile hawalijui kabisa, na sijui kama nishukuru au nisikitike. Enzi zetu tulikuwa na raha, wallahi, ila raha ile ilimuumiza mtu aliyekaa hatua tatu kutoka kwetu, nasi tukaendelea kuimba.

Leo asubuhi nilinyoosha mkono kabla madam hajaketi. Nikasema: "Madam, babu yangu alikuwa manamba. Anaitwa Bukuru."

Madam akauliza jina hilo linaandikwaje, akanipa chaki.