Anachuna visiki vya mikaratusi aliyoipanda kwa mkono wake

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu haujaondoka mabondeni Tlawi, wilayani Mbulu, na Rogathe Margwe amepiga magoti mbele ya kisiki. Anafukua udongo kwa jembe, kisha anachuna gome kwa panga mpaka chini ya ardhi, kama mtu anayechuna mbuzi.

"Huu niliukata mwaka juzi, nikarudi nyumbani naimba," anasema bila kuinua kichwa. "Nikadhani nimeua. Mvua ya kwanza tu, machipukizi saba! Mkaratusi ukiukata umeunyoa nywele. Lazima uuchune mpaka chini, halafu uufukie."

Rogathe, mwenye miaka 61, huishi kwa kung'oa visiki. Kwenye mashamba ya watu hulipwa shilingi 5,000 kwa kisiki, na kikubwa humchukua siku mbili. Hapa kwenye chemchemi ya kijiji halipwi na mtu.

Miti hii aliipanda yeye mwenyewe.

Mwaka 1996 mradi mmoja ulileta miche kwa lori. Mtaalamu wake alitazama misesewe na mikuyu, miti ya asili iliyozunguka maji, akasema ni vichaka visivyo na soko. Rogathe na mumewe, Yoakimu, walivifyeka. Wakapanda mikaratusi 400, kwa ujira wa shilingi 20 kila mche.

"Wazee hawakuvunja hata tawi la kuni hapa," anasema. "Sisi wa darasa la saba tukawaona washamba. Yule mtaalamu alipiga picha na sisi, akaondoka. Hajarudi kuona. Angerudi ningempa ndoo, nimwambie, haya baba, chota!"

Zamani, kabla mikaratusi haijaanza kunywa maji, ndoo ilijaa kabla wanawake wawili hawajamaliza kusalimiana. Mwaka jana ilichukua dakika arobaini. Mwaka huu, kufikia Agosti, palibaki tope lenye nyayo za ng'ombe. Mkwe wake, Doris, hutembea saa mbili kwenda na kurudi kijiji cha pili, mtoto mgongoni.

Yoakimu alifariki miaka mitatu iliyopita. Siku zake za mwisho aliomba maji ya chemchemi, lakini kilikuwa kiangazi na palitoka tope tu.

"Nilimpa ya kununua, nikamwambia ni ya chemchemi," anasema Rogathe. Anapangusa panga kwenye nyasi, mara mbili, mara tatu. "Alikunywa kidogo, akaniangalia. Alijua."

Tangu hapo amechuna visiki 231 kati ya vile 400. Mikaratusi ambayo bado imesimama iko kwenye shamba la juu, mali ya jirani yake Agustino, anayeuza nguzo. Ni miti 90. Agustino anapita na msumeno begani, anasimama.

"Shikamoo, mama."

Rogathe anaendelea kuchuna. Huku, mzee kukataa kuitikia shikamoo ni jambo zito. Agustino anabadilisha mguu wa kusimamia.

"Shikamoo, mama Lukasi."

"Nimesikia."

"Sasa mama, na wewe si ndiye uliyetuletea hii miti? Mimi mche wa kwanza ulinipa wewe."

"Nilikupa sumu nikijua ni dawa. Wewe unajua kuwa ni sumu, na bado unatunywesha."

"Nipe miaka miwili tu, ikomae."

"Miwili! Mtoto wa Doris umwambie asisikie kiu miaka miwili?"

Agustino anacheka kidogo, anaondoka.

Sheria inakataza shughuli zinazoweza kudhuru maji ndani ya mita sitini kutoka kwenye chanzo cha maji. Rogathe na Doris walipima kwa kamba: mti wa Agustino ulio karibu zaidi uko mita 41. Walipeleka habari kwenye serikali ya kijiji mara tatu. Mara tatu wameambiwa wavumilie, mwenye miti naye ana watoto wa kusomesha.

"Neno hilo, vumilieni, huambiwa anayebeba ndoo," anasema Doris. "Anayeuza nguzo haambiwi."

Kitaluni kwa Rogathe, nyuma ya nyumba, iko miche sitini ya msesewe na mkuyu. Mbegu alizitafuta msituni kwa miguu. Anataka kuipanda mvua zikianza, lakini anasema ni kazi bure mikaratusi ya juu ikibaki.

Kwa desturi ya wazee wa huku, kina mama wakikosewa wote kwa pamoja huenda kwa mkosaji, wakakaa uani kwake hawali wala hawaondoki, mpaka akubali kosa na kutoa ng'ombe. Kijijini haijafanyika tangu Rogathe akiwa msichana. Wiki hii amezunguka nyumba kwa nyumba. Wanawake thelathini na wanne wamekubali. Mke wa Agustino ni mmoja wao, kwa kuwa naye hubeba ndoo.

Wanakwenda Alhamisi.

"Ng'ombe wake abaki naye," anasema Rogathe, akihamia kisiki kingine. "Tutakaa pale mpaka tusikie miti ikianguka. Na ikianguka, visiki nitachuna mimi. Hiyo siwezi kumwachia mtu."