Boneti Iliyokaangiwa Korosho

Wakati wa Mwingereza nilikuwa fundi wa magari Kilwa Kivinje, na kichwa changu kilikuwa kigumu kuliko vyuma nilivyogonga. Tajiri mmoja wa mjini alinunua gari dogo la mbio kwa Mzungu wa mkonge aliyekuwa anarudi kwao. Alitaka likashindane Lindi. Boneti ilikuwa imeliwa na chumvi, ikabidi nitengeneze nyingine.

Dereva alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtoto pekee wa kiume kwa mama yake. Yeye alitaka boneti ya bawaba. "Ukiifungua inabaki pale pale garini," alisema. "Hiyo yako ya kubandua itazurura mji mzima." Nikamjibu kazi yake ni usukani, boneti aniachie mimi. Bawaba ni uzito, na gari la mbio halitaki uzito. Nikakata bati, nikalitoboa matundu injini ipate kupumua, nikalifunga kwa mikanda miwili ya ngozi. Ilinyanyuka kwa mkono mmoja. Nilijisifu, sikufichi.

Kitu kimoja tu kilinikera: tangi la petroli lilikaa nyuma tu ya injini, juu ya magoti ya dereva.

Siku moja kabla ya kulijaribu gari niliibandua boneti, nikaiegemeza ukutani kwangu, nikaenda kuswali Adhuhuri. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Miteja na kikapu cha korosho. Akaona bati lenye matundu. Kwetu bati lenye matundu ni la kukaangia korosho, halina kazi nyingine. Niliporudi nilimkuta ameinama motoni, uani moshi mtupu, na mafuta ya maganda yanachuruzika kwenye boneti yangu.

Angekuwa mtu mwingine, mji mzima ungenisikia. Lakini mkwe hapaziwi sauti. Mimi hata usoni sikuwa namtazama. Nikasema, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akanikaribisha korosho. Nikala.

Jioni niliisugua boneti kwa mchanga na jivu. Juu ikang'aa. Chini, kwenye mikunjo ya kingo, mafuta yale meusi yalibaki yamenata, mkono haufiki. Nilijua yanavyowaka. Lakini kumwambia shemeji ni kumsema mama yake, tena angenicheka kwa habari ya bawaba. Mficha uchi hazai, wazee walisema. Nilikuwa naujua msemo huo vizuri, na nikanyamaza.

Asubuhi shemeji akalikimbiza gari kwenye barabara iliyonyooka nje ya mji. Mara ya kwanza salama. Mara ya pili alirudi na moshi mweusi unatoka matunduni, na harufu niliitambua kabla hajasimama. Mlango ukakwama. Alikuwa anauvuta kwa mikono miwili huku miguu yake imo chini ya tangi, na moto tayari unachungulia.

Niliogopa, wallahi. Nikaushika mkanda wa kwanza, ukafunguka. Wa pili bizimu lake la chuma lilikuwa la moto, likang'ang'ania. Nililivuta hadi likang'oka na ngozi ya vidole vyangu, nikaibeba boneti kwa viganja, nikaitupa. Watu wakamwagia injini mchanga. Tangi halikulipuka. Shemeji akatolewa miguu imeungua. Kutembea alitembea tena, ila klachi hakuikanyaga maisha yake yote.

Mikono yangu ilifungwa vitambaa, siwezi kushika tonge. Mke wangu alikuwa akimuuguza kaka yake, kwa hiyo aliyenilisha ni mama mkwe. Mimi na yeye ambao hatukuwahi kula sinia moja. Nilikuwa nafumba macho kwa haya.

Siku ya tatu akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Mkwe wangu, lile bati nililokaangia korosho, ndilo lililowaka?"

"Silo, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Nilikuwa silali."

Akakata tonge jingine, nami nikafungua mdomo.