Kengele Iliyokwenda Uholanzi

Miaka niliyochanja mifugo kwenye tambarare za Tana, wenzangu walirudi nyumbani na samli. Mimi nilirudi na kengele. Kengele za mbao, zile Waorma wanazowafunga ng'ombe shingoni. Nyingine nilipewa, nyingine nilibadilishana na tochi, moja niliiokota matopeni baada ya mafuriko. Mke wangu aliziita takataka, mpaka nilipostaafu, binti yetu akazipiga picha akazitia mtandaoni, na Mholanzi mmoja akazinunua zote. Tangu siku hiyo zikawa "mali yetu".

Ningenyamaza, lakini redioni walisema ofisi ya kodi inaona kila pesa inayoingia kwenye simu. Nikajipeleka. Mama mwenye saiba pale Garsen, anayewajazia watu fomu za kodi mtandaoni, alinishangaa.

"Mzee, watu hujaza sufuri wakaenda zao."

Nikakataa. Nilikuwa raia mwema, na nilitaka ijulikane.

Afisa wa kodi alikuwa dada mwenye adabu. "Kengele ulinunua kwa bei gani, baba?"

"Tochi."

Akaweka kalamu chini. "Bila ushahidi wa ununuzi, yote uliyopata tutayahesabu faida. Walau mmoja aliyekuuzia akuandikie karatasi."

Nikapanda bodaboda hadi kwa mjane mmoja wa Kiorma, ambaye kengele yake ndiyo iliyopata bei nzuri kuliko zote. Alinikaribisha maziwa, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Niandike kwamba nilikuuzia?"

"Ndiyo, mama."

"Lakini sikukuuzia. Nilikuazima. Ilikuwa ya dume la marehemu mume wangu. Ulisema unapenda mlio wake, nikakwambia nenda nayo. Iko wapi?"

"Iko Uholanzi."

"Huko ni kupita Mombasa?"

"Kupita sana."

Akaniongezea maziwa. "Wana ng'ombe huko?"

"Wengi mno."

"Basi haikai bure."

Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba imetundikwa ukutani, sebuleni kwa mtu.

Wiki iliyofuata nilimpelekea mbuzi mwenye mimba, niliyemnunua mnadani Garsen. Kaunti ilinipa risiti, na mimi, kwa furaha yote, nikaipeleka kwa afisa.

"Baba, hii ni ya mbuzi."

"Ndiyo bei ya kengele."

"Kwa hiyo uliiuza kwanza, kisha ukainunua?"

"Naam."

Alijifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakamtikisika. Risiti hakuipokea. Nikalipa kodi ya kila kitu, hata ya ile ya matopeni, nikatumiwa ujumbe wa kunishukuru kwa kulijenga taifa.

Mbuzi akazaa mapacha. Mjane alinitumia salamu kwamba mmoja ni wangu, niende nikamchukue. Nilikwenda, nikamwona, mweusi mwenye miguu myeupe, nikamwacha palepale akue na wenzake. Ofisi ya kodi sijaiarifu.