Mlango wa Chuma wa Nalotuesha

Ukimuuliza mtu yeyote upande wetu huu, pale barabara ya vumbi inapoachana na lami baada ya Kitengela, atakuambia Nalotuesha ni mwanamke mkali. Ni kweli. Aliwahi kunirudishia sketi ya mtumba niliyomuuzia kwa sababu ya kifungo kimoja, akasimama hapo hapo hadi nikakishona. Wasichana wa bweni walimwita Mama, walimu walimwita Matroni, na wanaume waliowahi kufika getini na hasira zao walimwita majina ambayo mimi siyarudii.

Yeye mwenyewe alipenda kusema kwamba analipwa kwa kulala. Shule ilikuwa na wasichana wachache ambao likizo ikifika hawaendi nyumbani, kwa sababu nyumbani kuna bwana aliyewaposa na kuna wembe wa tohara unaowangoja. Si kila boma liko hivyo. Nalotuesha, aliyezaliwa na kuolewa huku huku Umasaini, alikuwa akimpa mgeni maneno makali akisikia anawasema Wamasai wote kwa mkupuo. Lakini baba za hawa walikuwa wamekuja kuwataka, wengine zaidi ya mara moja, ndipo kikajengwa chumba chenye mlango wa chuma na vyuma madirishani. Nalotuesha alimsimamia fundi wa kuchomelea kama anayemlinda mwizi. Alitaka vyuma vikaribiane hadi mkono wa mtu mzima usipite. Fundi akanung'unika kwamba hata jela haiko hivyo, akajibiwa kwamba hakuitwa kujenga jela. Nalotuesha akawa analala humo na wasichana, ufunguo shingoni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchukuliwa mikononi mwake.

Kisha zikaja kompyuta. Wafadhili walizileta kwa mbwembwe, zikapigwa picha, halafu zikasahauliwa ndani ya stoo ya mahindi hadi panya wakazizoea. Hatimaye ukafika ujumbe kwamba mafundi watakuja kuweka programu na kuunganisha mtandao, na shule itayarishe mambo mapema. Kila mashine itolewe kwenye boksi, ifutwe vumbi, iwekwe juu ya meza isiyotikisika karibu na soketi, iwashwe, na nywila za waliozitumia zamani ziondolewe. Zote zikae ndani ya chumba kimoja chenye mlango wa chuma na vyuma madirishani.

Shule nzima ilikuwa na chumba kimoja tu cha namna hiyo. Madam Mugure, mwalimu mkuu, hakuona tatizo lolote. Kompyuta zitoke stoo ziingie chumbani, wasichana watoke chumbani waingie stoo. Mlango wa stoo ulikuwa wa mbao, na komeo lake ungeweza kulifungua kwa kijiko. Nalotuesha aliomba basi walale katikati ya meza, chini kwa chini, wala hawatagusa kitu. Mugure akasema pumzi za watu na vumbi la blanketi huharibu mashine. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akamkumbusha mbele ya walimu, na walimu wakacheka kidogo, kama wanavyocheka watu mkubwa wao akitania. Nalotuesha akahamisha magodoro.

Kazi ya kutayarisha mashine zenyewe wakapewa wasichana wale wale. Hapo ndipo Seleyian alipong'aa. Alikuwa Gredi ya Saba, mwembamba, mwenye maswali mengi, na baba yake alikuwa ameshapokea ng'ombe kwa ajili yake. Alisugua vibonye kwa mswaki mkuukuu na kitambaa kikavu, kimoja kimoja, kama mtu anayemsafisha mtoto masikio. Kila kioo kikiwaka alimwita Nalotuesha aje aone. Mwalimu wa hesabu alimwonyesha namna ya kuondoa nywila mara moja, na baada ya hapo aliziondoa zote mwenyewe. Alisema akimaliza shule atarudi kufundisha kompyuta hapo hapo, kisha amnunulie Mama simu isiyofungwa kwa mpira. Nalotuesha alimpenda mtoto yule kuliko wengine na hakujua kuficha.

Siku ya mafundi, likizo ikiwa imeanza na walimu wameondoka, waliingia vijana wawili na pikapu: Kasaine wa kutoka Ngong, na mwenzake Peterson. Walikuwa hawajamaliza hata nusu waya ukaisha, na Mugure akalazimika kwenda Kitengela kununua mwingine. Sasa huyu Mugure alikuwa amesikia kwamba kuna shule fulani mafundi walifungua mashine wakaondoka na vipande vya ndani mfukoni. Akamwita Nalotuesha.

"Mama, wewe hujawahi kupoteza mtu," akamwambia. "Kaa nao ndani. Mimi nafunga na nje, nikirudi ndio mtatoka."

Nalotuesha akauliza habari ya wasichana. Mugure akamwuliza ni nani huiba mtoto mchana kweupe. Akatia kufuli lake jipya, akaondoka na ufunguo. Mimi nasema mtu akiwafungia watu wazima chumbani kama kuku, na nyaya za umeme zimetapakaa sakafuni, huyo hastahili hata kulinda kuku. Lakini ndiye mkuu, na mwenye nguvu mpishe.

Nalotuesha alifanya alichoweza. Aliwaita wasichana kutoka stoo, akawaketisha nje chini ya dirisha wachambue maharagwe ya jioni, awe anawaona. Huku getini, mlinzi Kiilu alikuwa ameambiwa siku hiyo asimsumbue mtu wa kompyuta. Ikaja Probox nyeupe. Dereva akasema wao ni wa kompyuta, na Kiilu akafungua bila swali. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Aliyeshuka wa kwanza alikuwa mzee asiyejulikana hapo, shuka safi, fimbo mkononi, akitembea taratibu kama mtu aliyekuja kutafuta kivuli. Alipofika dirishani akamwona Nalotuesha nyuma ya vyuma, akamsalimia vizuri.

"Takwenya."

"Iko," Nalotuesha akajibu. Ungefanya nini? Mzee akikusalimia unajibu. Mdomo unajibu kabla ya akili kufika, ndivyo alivyolelewa na ndivyo alivyowalea wasichana wake.

Nao walipomsikia Mama ameitikia wakajua huyu ni mtu wa kwao. Wakasimama, wakamwinamishia vichwa mmoja mmoja awasalimie kwa kuwagusa, kama watoto wenye adabu. Akamgusa wa kwanza, akamgusa wa pili. Alipofika kwa Seleyian mkono haukuinuka. Ulishuka ukamshika shingo.

Wanaume waliobaki wakatoka garini, baba yake mmoja wao. Nalotuesha alirusha mikono dirishani na mikono ikagota kwenye vyuma. Vidole tu ndivyo vilivyopita. Seleyian alikuwa karibu hivi, hatua moja, akiita, "Mama, fungua! Mama!" na Nalotuesha akilia kwamba hana ufunguo. Lakini wasichana wote walikuwa wakipiga mayowe, na sijui ni nani angeyasikia maneno ndani ya kelele ile. Kasaine alimfokea yule mzee kwa Kimaa kwamba ni aibu. Mzee akamjibu kwa upole kwamba mtoto ni wao.

Kasaine akachukua nyundo akaanza kuzipiga bawaba. Fundi wa kuchomelea alikuwa amezifanya za kustahimili wanaume, na zilistahimili. Peterson akampigia Mugure, akampa Nalotuesha simu.

"Madam, wamemchukua Seleyian. Tufungulie."

"Hiyo kelele ni ya nini? Nani anagonga mlango?"

"Ni fundi. Madam, wamembeba mtoto."

"Mwambie aachane na mlango wangu. Mtoto ako na baba yake, Mama. Hizo mashine hazina baba, ziko na mimi. Nakuja."

Probox ilipita getini huku Kiilu akiwa amewafungulia tayari, kwa adabu. Alipong'amua sababu ya mayowe alikimbia nyuma yake hadi pumzi zikamwishia. Mugure alifika jua limeshaanza kuinama. Alifungua kufuli, akaingia, akapita katikati ya watu waliokuwa wakilia, akahesabu kompyuta. Zote zilikuwepo. Akamshika Nalotuesha bega akamwambia ashukuru Mungu. Baadaye alilia pia, simnyimi hilo, lakini alihesabu kwanza.

Polisi waliandika, chifu akaahidi, watu wa idara ya watoto wakazunguka maboma wakipewa chai. Wasichana waliobaki walihamishiwa kituo kingine mbali. Siku ya kuzindua mtandao wageni walipiga makofi, na Mugure akamtaja Nalotuesha hadharani kama mfano wa uaminifu. Kwa kuwa ameaminika, akabakishwa pale pale. Analala mpaka leo ndani ya chumba kile, peke yake na kompyuta, ufunguo shingoni.

Mimi huuza mitumba soko la Kajiado. Siku moja alipita kando ya rundo langu mke wa mtu, kichwa kimenyolewa, shanga shingoni, nyuma ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitafuta sweta. Alikuwa Seleyian, niliyezoea kumwona shuleni nikimpelekea Mama nguo; nilimtambua kwa macho, maana kingine chote kilikuwa kimebadilika. Nikainama nikijifanya nakunja nguo, nikamwuliza kwa sauti ya chini kama ana salamu za kumpelekea Mama.

Alifikiri kidogo. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Mwambie nilisikia akimwitikia yule mzee, na mlango hakufungua," akasema.

Nikaanza kumweleza habari ya kufuli. Yule mama akamwita, naye akamfuata bila kugeuka, na siku za soko zilizofuata sikumwona tena.

Nilikwenda kwa Nalotuesha nikampa maneno yale kama yalivyo, kwa sababu aliyataka kama yalivyo. Hakulia. Aliniuliza tu kama niliwahi kumwambia mtoto kwamba mlango ulikuwa umefungwa kwa nje. Nikamwambia sikuwahi.