Kifaranga Akifumba Mdomo

Nakumbuka Jumamosi ile, saa mbili kasoro robo asubuhi, bodaboda alipotua boksi la vifaranga mlangoni kwetu Msamala. Nakuandikia wewe, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, uliyezaliwa Madaba wiki hiyohiyo. Mama alikuja huko kumuuguza mama yako, ndiyo maana vifaranga wakaniangukia mimi. Niko kidato cha tatu tu, sijafika umri wa kutoa nasaha. Lakini kwako wewe mimi ni mzee, na kwa sasa huwezi kunibishia.

Mwaka jana kideri kilipita kwetu, kikasomba kuku wote, banda likageuka pa kuwekea kuni. Mama alipoagiza vifaranga hawa alitamka mbele yetu sote: "Wakifa na hawa, banda navunja, mbao napikia." Kisha, siku anakuja huko, akaniambia mimi, si mtu mwingine: "Wakifika wape maji ya uvuguvugu na glukosi kidogo, watakuwa wamechoka na safari. Vitamini kesho yake, kama pakiti inavyosema. Basi." Nikaitikia kwa kichwa.

Mimi ni mtu wa haya, mdogo wangu. Dukani wakiniuliza nataka nini, naonyesha kwa kidole. Shuleni najua jibu, lakini mkono haunyanyuki. Watu husema haya ni heshima. Wakati mwingine ni kweli. Siku ile haya zangu zilitaka kuua.

Nilikuwa nimeshaweka jiko la mkaa katikati ya maranda, maana baridi ya Songea mwezi wa saba haina utani. Glukosi nimeikoroga, kokoto nimezipanga kwenye sahani ili wasizame. Mara akaingia jirani yetu Mama Zuhura na jani la shubiri mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hao bila shubiri hawamalizi wiki. Haya, kamulia humo."

Nikakamua. Ningemwambiaje hapana mtu aliyenibeba mgongoni?

Hajakaa vizuri, akapita Mjomba Gaspari, kaka yake mama, amefuata jembe lake. "Glukosi?" akacheka. "Mnawalea kama wagonjwa wa wodini! Ponda pilipili, mjomba. Kuku wa Kingoni ni pilipili."

"Wa kwako si walikunywa pilipili?" Mama Zuhura akamdaka. "Wako wapi?"

"Walikufa wakiwa na afya zao," Mjomba akajibu, akaondoka na jembe.

Nikaponda pilipili. Halafu nikajiambia, vya watu nimetia vyote, vitamini za mama niziache za nini? Nikatia kijiko, na kingine cha kusindikizia.

Maji yakawa na rangi ya mtaro. Vifaranga wakasogea, wakachovya, wakatikisa vichwa, wakarudi kwenye joto. Hadi jua linafika utosini hakuna aliyekunywa. Walikuwa wanalia kile kilio chembamba cha kiu, mabawa yamewalegea. Nikamshika mmoja nikamchovya kwa lazima. Akafumba mdomo. Akafumba kabisa, kama mtoto aliyeugomea uji. Nikaanza kuziona mbao za banda zikiwaka jikoni.

Bibi alinikuta hapo, ndiyo kwanza anarudi kutoka mashineni kusaga, unga umemjaa kwenye nyusi. Alichovya kidole kwenye yale maji, akaonja, akatema.

"Wewe umeyanywa haya?"

"Hapana, bibi."

"Na wao wamekwambia hapana. Kwa nini huwasikii?"

Nikamweleza yote huku nalia. Akakaa juu ya debe lililofunikwa, akavuta kanga yake, akaanza taratibu, kama mtu anayechambua mboga.

"Mwanangu, nilipokuwa msichana kama wewe, kule Namtumbo, shangazi yangu alinipa kitalu cha tumbaku nikitunze. Miche midogo, laini, unaiona kama inapumua. Nami nilikuwa na haya kama zako, ndiyo maana sikushangai. Akipita mtu akasema tia majivu, natia. Mwingine akasema mwagia maji ya samadi ya mbuzi, namwagia. Wa tatu akaleta mbolea ya dukani, nikapokea kwa mikono miwili na goti chini. Wote walikuwa watu wazima, wote walinitakia mema. Jioni miche ikalala chini kama nywele zilizonyeshewa.

"Shangazi hakunichapa. Alinipigisha magoti nikaing'oa mmoja mmoja, yeye amesimama pembeni. Nilipomaliza akaniambia, 'Mche hauna mdomo wa kukataa. Mdomo ulikuwa nao wewe, kwa niaba yake.' Neno hilo nimezeeka nalo. Basi shukuru, mwanangu. Hawa wako wana midomo, wameitumia. Inuka, mwaga hayo."

Tukamwaga mbali. Nikasugua sahani, nikarudisha kokoto, nikachemsha maji nikayaacha yapoe hadi joto lifanane na la mkono. Glukosi kidogo, hakuna kingine. Yule aliyefumba mdomo nilimchovya tena, polepole. Akameza. Akainua kichwa juu, kama wanavyofanya, akameza tena. Wenzake wakamwona, wakaja wakisukumana. Bibi akacheka hadi unga ukamdondoka kwenye nyusi.

"Akili za kuambiwa changanya na zako," akasema, "lakini usizichanganye kwenye sahani ya kifaranga. Kitu kidogo kina tumbo dogo. Kipe kimoja, ukiangalie, kikikubali ndipo ufikirie kingine. Shubiri si mbaya, wala Mama Zuhura si mbaya. Njia mbili tu zilimshinda fisi, sembuse hizi nne ulizomfungulia kifaranga! Na mtu akikupa neno, mshukuru, kisha shika lile ulilokabidhiwa. Kukataa kwa adabu ni adabu pia." Akaniwekea mkono kichwani. "Mungu akupe mkono unaootesha, na mdomo unaofunguka kabla hujachelewa."

Baraka hiyo nakumegea na wewe, mdogo wangu. Najua huko Madaba wanakuja na majani yao, kila mmoja na kikombe chake. Ukifumba mdomo, Mungu ampe mama yako masikio.

Jumapili asubuhi, kabla ya misa, nilisoma pakiti mara mbili, nikapima vitamini kijiko kimoja kwenye maji mapya, nikawawekea. Wakanywa. Nilikuwa bado nimechuchumaa pale Mama Zuhura alipofika, safari hii kaja na mche mzima wa shubiri, udongo bado unaning'inia kwenye mizizi.

"Nimekuletea mzima, usihangaike kunifuata kila siku. Lile la jana walilipenda?"

Nikainuka.

"Shikamoo, mama. Hapana, hawakulinywa. Nililichanganya na vingi. Leo ni vitamini peke yake, ndivyo mama alivyoniagiza."

Akanitazama. "Kumbe una sauti, wewe!"

Nikaupokea ule mche kwa mikono miwili, nikachukua jembe letu, nikaupanda pembeni ya mlango wa banda.