Munyu wa Mama Ndani ya Bomba la Maabara

Nikiikumbuka siku ile masikio bado yanapata moto, lakini wacha niwaambie tu, mcheke mmalize.

Miaka hiyo ya themanini nilikuwa kwa majaribio katika maabara moja ndogo pale Kitale, na bosi wangu, Bwana Kiprono, alikuwa ameniambia wazi kwamba nikiwaonyesha wageni kazi yetu vizuri, nimeajiriwa, nikiharibu, nirudi nyumbani. Wageni wenyewe walikuwa wakulima wa Ndalu na akina mama wa kanisa kutoka Matulo, na mstari wa mbele kabisa (nani mwingine?) mama yangu, kitambaa cheupe kichwani, akimwambia kila aliyemkaribia, "Huyo ni Nekesa wangu."

Kazi ilikuwa kutenganisha protini za damu ya ng'ombe. Unamimina damu iliyochujwa kwenye bomba la kioo lenye chembechembe zinazonasa protini, halafu unapitisha maji ya chumvi, kwanza hafifu, kisha unayakoleza kidogo kidogo, na kila protini inaachia kwa zamu yake, ile nyekundu ikishuka mwisho kama pete. Ukienda polepole, zinaachana vizuri zaidi. Sasa nafungua mkebe wa chumvi, mtupu! Duka la karibu liko Tuwan, wageni wameshaketi, na mama ameniletea chupa ya munyu wa kupikia, ile chumvi yetu ya kienyeji inayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Nikajiambia chumvi ni chumvi bana, si hata mboga ngumu inalainika kwa munyu? Nikaumimina.

Wee! Kumbe munyu una ukali kama wa magadi, protini zote zikaachia kwa pamoja, pete yangu ikageuka kahawia kama mchuzi, ikaziba njiani, nami kwa kiherehere nikasukuma kwa sindano kubwa, kizibo cha juu kikaruka, na mchuzi wote ukatua kwenye koti jeupe la Bwana Kiprono.

Nikaona kazi inaenda hivyo. Mara mama akasimama akapiga makofi, ati alidhani ndivyo onyesho linavyokwisha, wenzake wakamfuata kwa vigelegele, mpaka Bwana Kiprono mwenyewe, akidondokwa na mchuzi hivyo, akainama kushukuru.

"Mama yako amekuokoa," akaninong'oneza. "Jumatatu kuja kazi. Lakini hiyo bomba utaosha wewe."

Niliapa, na sijavunja: kisichotoka kabati la maabara hakiingii bomba langu. Ila mama hadi leo huwaambia watu wa Matulo kwamba hakuna anayejua kutenganisha damu kama bintiye, na mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kumsahihisha.